Wanakondoo wa Machipuko Huandaliwa Wakati wa Theluji

Ndugu mwenyekiti, ndugu wafugaji, na ninyi wengine mliojikuta hapa kwa sababu mtu wa nyumbani kwenu alinunua kondoo bila kumuuliza mtu: hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya shamba dogo la kondoo kwenye nchi za baridi kali, tangu baridi inapobisha hodi hadi nyasi zinapochipua. Ninaposema dogo, nina maana ya majike ishirini, thelathini, tuseme hamsini. Kundi ambalo familia moja inalihudumia bila kibarua, na kila mnyama anajulikana kwa uso. Nao wanatujua. Mwaka 2001 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kondoo anaweza kukumbuka sura za kondoo wenzake 50 kwa zaidi ya miaka miwili, na sura za watu pia anazitofautisha. Kwa hiyo yule jike anayekukimbia kila ukiingia zizini na sindano hana wazimu. Ana kumbukumbu.

Nina jambo moja tu la kusema leo, mengine yote ni matawi yake. Wageni wakija shambani wakati wa machipuko, wakaona wanakondoo wanashindana mbio jioni kando ya uzio, husema: "Naona sasa kazi imeanza." Mimi huwajibu kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo imekwisha. Uzito wa yule mwanakondoo, nguvu yake ya kusimama akanyonya, wingi wa maziwa ya mama yake, hata kinga yake dhidi ya pepopunda, vyote viliamuliwa kwenye wiki zile za giza ambazo hakuna mgeni anayekuja kupiga picha.

Tuanze na hesabu. Kondoo hubeba mimba kwa siku 147 hivi, wengine wakipungua au kuzidisha siku chache. Kwa walio kaskazini mwa ikweta, dume akiingia kwa majike tarehe 5 Novemba, mzao wa kwanza utegemee mwanzoni mwa Aprili. Walio kusini wageuze kalenda. Kondoo mwenyewe hahitaji kalenda: majike wa aina nyingi za nchi hizi hupata joto, yaani hutaka dume, mchana unapofupika. Giza likirefuka, mwili hutoa melatonini, ile homoni ya usiku, kwa saa nyingi zaidi, na hiyo ndiyo ishara kwamba ukishika mimba sasa, utazaa nyasi zikiwa zinarudi. Sisi tunachofanya ni kuchagua tu ni wiki ipi ndani ya dirisha hilo. Wenye mabanda mazuri na chakula cha akiba huweza kuwahi. Asiye na banda asishindane nao. Aache wanakondoo wake wazaliwe ardhi ikiwa imeshapata joto.

Dume mpake rangi kifuani kabla hajaingia. Kila jike atakayepandwa atabaki na alama mgongoni. Mzunguko wa joto wa kondoo ni siku 17 hivi, kwa hiyo baada ya siku hizo badilisha rangi, kutoka iliyokoza kidogo kwenda iliyokoza zaidi. Wenye rangi ya kwanza pekee ndio watakaotangulia kuzaa. Aliyepata na rangi ya pili, mimba ya kwanza haikushika. Na kama kundi zima limepata rangi ya pili, usiwalaumu majike. Mwangalie dume, korodani zake, miguu yake, afya yake. Dume mzima, aliyekomaa, anatosha majike 40 au zaidi. Kijana wa msimu wa kwanza mpe nusu ya hao. Dume mbovu ukimgundua Novemba unaweza kuazima mwingine. Ukimgundua Aprili, umeshalisha kundi tasa majira yote ya baridi.

Sasa baridi imeingia. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: je, kondoo hawagandi huko nje? Jibu ni kwamba kondoo mzima, mwenye sufu ndefu na kavu, anaivumilia baridi ambayo wewe na mimi tungeikimbia. Mtazame asubuhi baada ya theluji kuanguka usiku. Mgongoni ana theluji haijayeyuka, na chini yake ngozi ni ya moto. Theluji hiyo haiyeyuki kwa sababu joto la mwili halitoki. Ukiona kinyume, theluji imeyeyuka mgongoni kwa mmoja na kwa wenzake bado, huyo nenda kamshike.

Kinachomwumiza kondoo ni maji yakichanganyika na upepo. Sufu ikilowa hadi kwenye ngozi, kisha upepo ukapita, joto linakwisha upesi. Kwa hiyo shamba dogo halihitaji jumba. Linahitaji kizuizi cha upepo, iwe ukuta wa mawe, safu ya miti au marobota yaliyopangwa vizuri, na mahali pakavu pa kulala. Na kama unawafungia ndani, usizibe kila tundu kwa huruma. Banda la kondoo lisilopitisha hewa hujaa unyevu na harufu ya mkojo, na hapo ndipo homa ya mapafu inapozaliwa. Weka matandiko makavu, acha hewa ipite juu ya vichwa vyao. Jike mzito mwenye mimba apate mita 1.2 hadi 1.4 za mraba.

Jambo la pili linalowapa joto liko tumboni. Nyasi kavu zinapochachuka kwenye tumbo la kucheulia hutoa joto saa nyingi baada ya mlo. Usiku ukitarajiwa kuwa mkali, ongeza nyasi kavu jioni kabla ya kufikiria nafaka. Lakini nyasi hizo ziwe nyasi kweli. Fungua robota, zama pua yako ndani. Zikinukia shamba, zina majani na si mabua matupu, sawa. Zikinuka ukungu, usimpe mwenye mimba. Na wenye kulisha silaji, yaani nyasi mbichi zilizochachushwa na kuhifadhiwa, wawe waangalifu mara mbili: silaji iliyoingiliwa na udongo au hewa hukuza bakteria wa listeria, na kondoo aliyepatwa utamwona anazunguka upande mmoja, sikio moja limelegea, mate yanamtoka. Wengi wa hao hatuwaokoi. Nikiwa hapo hapo kwenye chakula: msiwape kondoo chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Kina shaba nyingi kwa kondoo, inajilimbikiza kwenye ini kimya kimya, halafu siku moja mnyama anageuka manjano na kufa.

Maji pia. Barafu ikifunika hori la maji asubuhi, kazi ya kwanza ni kuivunja, kabla ya chai yako. Anayekula nyasi kavu na ana mapacha tumboni anahitaji maji mengi, na asipokunywa hatakula. Kuna watakaowaambia kondoo atajitafutia theluji. Atalamba, ndiyo. Msiitegemee.

Sasa nifike mahali ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mfugaji mdogo anapomshinda mfugaji mkubwa, au anaposhindwa vibaya.

Sufu ni mwongo. Jike mwenye sufu nzuri ya majira ya baridi anaonekana ameshiba, mpana, wa kujivunia, huku chini yake mifupa imechomoza. Macho hayatakusaidia, mkono utakusaidia. Msimamishe jike kwa utulivu, weka kiganja nyuma ya mbavu ya mwisho, juu ya uti wa mgongo, ubonyeze. Kwanza tafuta ncha za mifupa ya katikati: ni kali, au zimefunikwa? Kisha pitisha vidole pembeni, kwenye ncha za mifupa inayotokeza kulia na kushoto: je, vidole vinaingia chini yake kwa urahisi? Mwisho papasa nyama iliyojaa kati ya ncha hizo na zile. Tunatoa alama kuanzia 1 hadi 5. Alama ya 1 ni mifupa mikali isiyo na nyama. Alama ya 5 ni mafuta ambayo huoni mfupa hata ukibonyeza. Jike wa nyanda za chini akiingia kwa dume mtake awe na 3, na wakati wa kuzaa asiwe chini ya 2.5.

Kwa nini nakazania jambo hili? Kwa sababu alama moja kwa jike wa kilo 70 au 80 ni karibu kilo 10 za mwili, na huchukua wiki sita hadi nane za kulishwa vizuri kuirudisha. Ukigundua wiki mbili kabla ya kuzaa kwamba majike wako ni wembamba, umechelewa. Ukiwashindilia nafaka wakati huo utawaharibu matumbo, na mwili hautapata ulichokusudia. Ndiyo maana nasema wapapaseni Desemba, wapapaseni Januari, wapapaseni tena Februari. Kundi la thelathini ni kazi ya asubuhi moja. Mwenye kondoo elfu mbili hawezi kumshika kila mmoja kila mwezi. Wewe unaweza, na kama huwezi sijui unafuga kundi dogo kwa faida gani.

Na muwape alama kwa kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nimewaona wafugaji wenye kumbukumbu kali sana mezani ambao zizini hawakumbuki ni yupi aliyekuwa 2.5.

Katikati ya mimba, kuanzia siku ya 45 hadi ya 90 hivi, majike hupimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Wengine huiona gharama isiyo na lazima kwa kundi dogo. Mimi naiona kuwa fedha inayojirudisha haraka kuliko nyingine zote za msimu, kwa sababu ya kilichopo mbele: karibu asilimia 70 ya ukuaji wa kijusi hutokea katika wiki sita za mwisho. Asiyejua nani ana mapacha atawalisha wote sawasawa, na kuwalisha sawasawa ni kuwakosea wote. Mwenye mmoja atapewa kupita kiasi, mwanakondoo atakuwa mkubwa, na usiku wa kuzaa mtavutana. Mwenye watatu atapewa pungufu, wakati tumbo lake la uzazi limeshalibana tumbo la chakula, hata akipewa nyasi nyingi hana mahali pa kuziweka. Huyo anahitaji chakula kilichokolea, kwa vipimo vidogo, mara mbili kwa siku au zaidi. Kwa hiyo gawanya kundi: asiye na kitu, mwenye mmoja, wenye wawili, wenye watatu. Na mwembamba mwenye mmoja mhamishie kwa wenye wawili. Zizi dogo linaruhusu upendeleo wa namna hiyo.

Asipopata nishati ya kutosha, mwili wa jike huanza kuyeyusha mafuta yake kwa kasi kuliko ini linavyoweza kustahimili. Huo ni ugonjwa wa mapacha. Dalili zake si za kupiga kelele. Wenzake wanakimbilia hori, yeye anabaki nyuma. Kesho anasimama kama asiyeona, anasaga meno, pumzi yake ina harufu tamu isiyo ya kawaida. Keshokutwa amelala. Akigunduliwa siku ile ya kwanza, propilini glikoli, kimiminika cha kumpa nishati, ya kunyweshwa na chakula kinachomvutia vinaweza kumrudisha. Akigunduliwa amelala, mara nyingi tunampoteza yeye na waliomo ndani. Ukosefu wa kalisiamu hufanana sana na ugonjwa huo, ila mwenye ukosefu huo akichomwa kalisiamu huweza kuinuka haraka mbele ya macho yako. Ndiyo maana daktari wa mifugo aitwe mapema, asiitwe kuja kuthibitisha kifo.

Basi sikilizeni: mkimimina chakula, msiondoke. Simameni nyuma ya kundi, mikono mifukoni, dakika tano. Kila jike awe na sentimita 45 za hori, ili asiyekuja awe ni yule asiyetaka na si yule aliyesukumwa. Hesabu vichwa. Anayekosa ndiye kazi yako ya siku hiyo. Katika majira yote ya baridi, sijui chombo bora kuliko dakika hizo tano, na hazina gharama.

Wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa ni chanjo ya nyongeza dhidi ya pepopunda na magonjwa ndugu zake. Wakati huo haukuchaguliwa ovyo. Kondo la nyuma la kondoo halipitishi kinga kwenda kwa kijusi. Mwanakondoo huzaliwa mtupu kabisa, na kinga yake yote ya mwanzo anainyonya. Kwa hiyo tunamchanja mama mapema kiasi kwamba siku ya kuzaa kinga imeshajaa kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza.

Kabla sijaingia kwenye kuzaa, neno kwa akina mama wajawazito na jamaa zao. Bakteria na vimelea vinavyoharibu mimba za kondoo, klamidia na toksoplasma wakiwemo, vinaweza kuharibu mimba ya binadamu. Mjamzito asiingie kwenye zizi la kuzalia, asimshike mwanakondoo mchanga hata akiletwa jikoni ameloa na kutia huruma, na asifue nguo zilizotoka huko. Najua kwenye shamba la familia jambo hili linaleta mabishano, kwamba kuna mtu mmoja anakwepa kazi. Malizeni mabishano hayo leo. Na jike akitupa mimba, mtengeni, vaeni glavu, msitupe ushahidi kabla daktari hajachukua sampuli.

Haya, wakati umefika. Kiwele kimejaa, uke umevimba na kuwa mwekundu, jike anajitenga, anaparura chini kwa mguu, analala na kuinuka. Wengi watazaa bila wewe, tena vizuri zaidi ukiwa mbali. Mfugaji mpya ana kiherehere. Anaona mguu mmoja umetokeza, tayari amekunja mikono ya shati. Subiri. Lakini chupa ya maji ikipasuka, saa nzima ikapita anasukuma na hakuna kinachosonga, basi nawa, vaa glavu, paka mafuta ya kutosha, ingia taratibu. Unachotarajia ni miguu miwili ya mbele na pua juu yake. Ukikuta kichwa bila miguu, miguu bila kichwa, au mkia peke yake, kazi ni kurudisha ndani na kupanga kabla ya kuvuta. Na kwa mapacha hakikisha miguu uliyoshika ni ya mtoto mmoja: fuata mguu hadi bega, bega hadi shingo. Ukiona dakika kumi zimepita hujui unachoshika, mpigie daktari. Ukimaliza, ingiza mkono tena uangalie kama kuna mwingine.

Mwanakondoo ametoka. Futa pua, mweke mbele ya mama yake, rudi nyuma. Kitovu kichovye chote kwenye madini joto, maana kitovu kibichi ni mlango, na viungo vinavyovimba wiki ya pili viliingiliwa hapo. Kamua kila chuchu mara moja, utoe kizibo cha nta, uone maziwa yanatoka. Kisha dang'a. Mililita 50 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa mbili za kwanza, na karibu 200 kwa kilo katika saa 24. Wa kilo 4 basi anahitaji mililita 200 mwanzoni na 800 hadi kesho yake. Utumbo wake unaipitisha kinga hiyo kwa takribani siku moja tu, tena kwa kupungua kila saa, kisha mlango unafungwa. Baada ya hapo anakunywa maziwa, lakini kinga haimwingii.

Na hapa ndipo majira ya baridi yanapotoa hesabu yake. Jike aliyelishwa vizuri ana dang'a nyingi, na mwanakondoo aliyekua vizuri anasimama upesi, anatafuta, ananyonya. Jike aliyeachwa akonde ana dang'a kidogo na nzito, mwanakondoo ni dhaifu, na wewe uko zizini saa tisa usiku na mrija wa kulishia, unalipa deni la Januari.

Mwanakondoo akilegea, usikisie, chukua kipimajoto. Kawaida ni nyuzi 39 hadi 40. Akiwa kati ya 37 na 39, mkaushe, mpe dang'a, mweke penye hifadhi. Akiwa chini ya 37, uliza umri kabla ya kumweka kwenye joto. Kama hajafikisha saa tano, bado ana mafuta yake ya kuzaliwa: mkaushe, mpashe joto, kisha mlishe. Kama amepita saa tano, mafuta yale yameshachomwa. Ukimpasha joto bila sukari, mwili unaamka na kudai nishati ambayo haipo, na anakufa kwa degedege akiwa kwenye boksi lako lenye joto. Huyo kwanza achomwe glukosi tumboni, ndipo joto lifuate. Mwombeni daktari awafundishe sindano hiyo kabla ya msimu, mchana, mkiwa mmelala usingizi wa kutosha. Na asiyeweza kuinua kichwa msimwingizie mrija. Maziwa yatakwenda mapafuni.

Weka mama na watoto kwenye kizimba cha mita moja na nusu kwa moja na nusu, siku moja hadi mbili, wajuane. Jike humjua mwanawe kwa harufu, na huijifunza ndani ya saa chache za kwanza. Ndiyo maana yatima wa mapema ana bahati kuliko yatima wa baadaye. Jike anayezaa mmoja, mpake yatima maji yale yale ya uzazi kabla mama hajageuka kulamba. Mara nyingi atawalamba wote wawili. Na aliyefiwa na mtoto huvalishwa hila ya kale: ngozi ya marehemu anavikwa yatima kama koti, kwa siku mbili au tatu, hadi maziwa yapite tumboni na harufu yake ibadilike. Wageni hushtuka kusikia hivyo. Jike hashtuki; anaita, na anayeitwa anapata chakula.

Machipuko yenyewe nitayapitia haraka, ingawa ndiyo yanayopendwa. Nyasi huanza kukua udongo ukifika nyuzi 5 au 6. Zikiwa na urefu wa sentimita 4 na kuendelea, wenye mapacha watoke kwanza, kwenye uwanja safi wenye kinga ya upepo. Angalia hali ya hewa ya siku mbili mbele: mvua baridi yenye upepo huua wanakondoo wachanga kuliko theluji kavu. Kunguru na mbweha hutafuta wanyonge, nao wanajua kutafuta. Kundi lenye nguvu huwapa kidogo.

Nyasi changa zina hila zake mbili. Ya kwanza ni magnesiamu. Zinakua haraka, zina maji mengi na magnesiamu kidogo, na mwili wa kondoo hauna akiba anayoweza kuichota upesi. Jike yuko kwenye kilele cha maziwa, wiki ya tatu au ya nne tangu azae. Asubuhi anakula, jioni ametapatapa na kufa, nyasi zimechimbwa na kwato zake. Mpeni magnesiamu kila siku ya kipindi hicho. Hila ya pili ni mnyoo aitwaye Nematodirus. Mayai yake hulala malishoni majira yote ya baridi, kisha joto likipita nyuzi 10 huanguliwa kwa pamoja. Kama siku hiyo inakutana na wanakondoo wa wiki sita hadi kumi na mbili walioanza kula nyasi kwa bidii, wataharisha na kufa haraka, tena kinyesi cha mama zao hakitakuonyesha lolote. Dawa ipo, lakini bora kuliko dawa ni kutowalisha wanakondoo kwenye uwanja uliolisha wanakondoo machipuko yaliyopita. Hilo nalo huamuliwa wakati wa baridi, kwa penseli na ramani ya shamba.

Kuhusu kwato nitasema kidogo, najua nitawaudhi wazee. Kondoo anayechechemea kwa kuoza kwato asikatwekatwe kwato kama tulivyozoea. Kukata huchelewesha kupona. Mtenge, mtibu kwa antibayotiki kwa maelekezo ya daktari, mwache.

Wanakondoo wakifika wiki nane, wapimeni. Lengo ni kilo 20 kwa kila mmoja. Hadi hapo sehemu kubwa ya kilo hizo ni maziwa, na maziwa hayo yalitoka kwenye kiwele kilichojengwa mwishoni mwa baridi. Kwa hiyo chukueni daftari la alama za mgongo, liwekeni pembeni ya daftari la mizani, msome mstari kwa mstari. Mtaona jike wa 2.5 aliyekuza mapacha wa kilo 22, huyo mtunzeni na binti zake. Mtaona wa 3.5 mwenye sura nzuri, mwana mmoja wa kilo 16, kila mwaka ana kisingizio. Huyo hapaswi kula nyasi zenu majira mengine ya baridi, hata kama ndiye anayekuja akiitwa jina.

Maswali nitayapokea, ila tuyajibu tukiwa nje. Kuna majike watatu wamefungwa kando ya ukuta. Mmoja wao ana alama 2, mwingine 3, mwingine 4, na anayeonekana mnene kuliko wote siye mnayemdhania. Nawaomba kila mtu apapase wote watatu, aandike namba zake kwenye karatasi kabla hajasikia za jirani yake.